Mimi Sijafiwa

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Elieza, aliyekuwa mwalimu wa kanisa letu milimani juu ya Kilosa tangu kabla sijaolewa. Nilipandishwa huko kwa pikipiki, nimemshika kiunoni kijana wa watu kama mtoto. Nilipofika msibani wajukuu wa marehemu wakaanza kunong'onezana na kunitazama, hadi mmoja akapata ujasiri. Akaja, akaniamkia, akaniuliza kama ni mimi yule bibi niliyekuwa nikisimama katikati ya ibada kumbishia babu yao. Nikamwambia ndimi. Akataka kujua kama ni kweli pia kwamba nilimwomba Mungu mpaka mume wangu akafufuka. Kabla sijafungua kinywa, mama mmoja aliyekuwa akimenya ndizi pembeni akasema, kwa sauti ya kutaka isikike, kwamba haikuwa hivyo, kwamba bibi huyu aliomba karibu mwaka mzima akaambulia aibu. Basi nimeamua kuandika, maana macho yangu bado yanaona na habari zote mbili ni za uongo. Sikumfufua mtu, wala sikuambulia aibu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, malori ya mafuta yalipoanza kupita kwenda Zambia kwa barabara ya vumbi. Nilikuwa na miaka ishirini, na ndoa yangu na Stefano ilikuwa na miezi saba. Stefano alikuwa utingo kwenye moja ya malori hayo. Kazi yake ilikuwa kubadili tairi, kuruka chini na kuweka gogo nyuma ya gurudumu gari linapokwama mlimani, na kulala juu ya tangi ili watu wasiibe. Alikuwa na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, na alikuwa akicheka kwa pua, kama mtu anayezuia chafya. Akiwa nyumbani hakutulia. Alikuwa akitoka nje kila mara kuangalia bondeni, na mama yake akimwuliza anaangalia nini, anasema anaangalia mvua.

Siku moja akaja mtu tusiyemjua, dereva wa lori jingine, amepanda kwa miguu kutoka Kilosa mjini. Mama mkwe akampa togwa. Aliinywa yote kwanza, akaweka kata chini, ndipo akasema kuwa gari la Stefano limetumbukia kwenye mteremko wa Kitonga na kuwaka, kwamba dereva na utingo wake wameungua hata hawakutambulika, na wamezikwa palepale kando ya barabara. Mama mkwe hakulia mara moja. Aliinua ile kata akaenda kuiosha, na akiwa huko nyuma ndipo tukasikia sauti yake. Mimi nilimwuliza yule mgeni kama yeye mwenyewe aliwaona wale watu. Akasema hakuwaona, aliambiwa na mwenzake. Nikamwuliza mwenzake aliambiwa na nani. Akanitazama kwa huruma, akasema, dada, pole sana.

Wazee wa ukoo walikaa wakaamua kuzika mgomba. Nieleze hapa kwa ajili ya vijana: mtu akifa mbali na mwili usipopatikana, ukoo ule wa wakwe zangu ulikuwa ukikata mgomba, ukiuvika sanda na kuuzika kama mtu, ili marehemu apate pa kulala na asirudi kusumbua watoto. Walitaka mgomba uwe na urefu wake. Wakaniuliza mimi, mkewe, nilikuwa nikimfika Stefano wapi nikisimama naye. Nikakataa kusema. Mama mkwe akainuka, akaweka kiganja chake kwenye mwimo wa mlango, pale ambapo mwanawe alikuwa akiinamisha kichwa, na wakapima hapo. Wakauzika alasiri, nyuma ya jiko. Mwalimu Elieza alisimama mbali kidogo, kofia mkononi, haombi wala haondoki. Watu walipopita kutupa udongo, mimi niliweka mikono nyuma. Halafu shangazi zake wakaja na wembe kuninyoa, na mimi nikaegemeza kisogo changu ukutani nikawaambia wanyoe ukuta. Wakadhani nimechanganyikiwa. Mama mkwe ndiye aliyeelewa kuwa sijachanganyikiwa, na ndiyo maana alikasirika zaidi ya wote. Aliniambia kwa Kikaguru, taratibu, kwamba namzuia mwanawe asipumzike.

Sitaki msomaji afikiri niliota ndoto au nilisikia sauti. Siku hizi kila mtu akisimulia habari za maombi anasikia sauti. Mimi sikusikia kitu. Nilichokuwa nacho ni hiki: nilikuwa nimefundishwa tangu mdogo kwamba Mungu husikia, na nilikuwa nimemwomba jambo moja, Stefano arudi salama, na jibu nililoletewa lilikuwa limepita kwenye vinywa vya watu ambao hakuna aliyeona. Niliona ni utovu wa heshima kwa Mungu kupokea jibu la namna hiyo na kuondoka mlangoni.

Mwalimu Elieza alikuwa na daftari la jalada la bluu alimoandika majina ya kuombewa kila Jumapili. Alisoma kwanza wagonjwa, kisha wasafiri, mwisho waliofiwa. Stefano alikuwa amekaa kwenye wasafiri tangu aanze kazi ya malori. Jumapili iliyofuata ule mgomba, nilikaa upande wa akina mama nikasubiri. Akasoma wagonjwa. Akasoma wasafiri, na jina la mume wangu halikuwepo. Akafika kwa waliofiwa, na jina la kwanza likawa la mama mkwe, la pili langu. Sikuwa nimepanga. Nilijikuta nimesimama.

“Mwalimu,” nikasema, “mimi sijafiwa. Naomba umrudishe Stefano kwa wasafiri.”

Kanisa zima likageuka. Kanisa letu lilikuwa na utaratibu, mwanamke hakusema neno kati ya sala na sala. Mwalimu aliinamisha macho kwenye daftari kama mtu anayetafuta mahali alipoachia, akaendelea na jina lililofuata. Nikabaki nimesimama mpaka akamaliza, kisha nikasema mwenyewe, “Na Stefano, msafiri.” Wachache wakasema amina kwa mazoea, halafu wakaona haya.

Baada ya ibada aliniita nyumbani kwake. Mkewe alituwekea viazi vitamu na chai isiyo na sukari kwenye meza iliyotikisika, akaenda kukaa kizingitini ambako angeweza kusikia kila neno. Mwalimu hakuwa mkali. Aliniambia jambo ambalo sikulijua, kwamba mtoto wao wa kwanza aliugua majuma sita, na kwamba yeye aliomba mpaka sauti ikakauka, na mtoto akafa, na hapo akajifunza kusema mapenzi ya Mungu yatimizwe na kunyamaza. Mkewe pale kizingitini hakugeuka.

“Mungu akishajibu, binti yangu, kuendelea kuomba ni ukaidi.”

“Mungu hajajibu, Mwalimu. Aliyejibu ni dereva.”

“Na kama ndiyo mapenzi yake?”

“Yatimizwe. Ila sijaambiwa bado ni yapi.”

Alimenya kiazi chake chote bila kukila. Mwisho akasema yeye ataendelea kunisoma kwa waliofiwa, kwa sababu ukoo umeshazika na hawezi kuupinga ukoo kwa ajili ya mtu mmoja. Nikamwambia nami nitaendelea kusimama. Akasema, “Basi tusimameni,” na mkewe akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo ikawa hivyo. Yeye anasoma, mimi nasimama. Wengine walisema nina kiburi. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kuniuliza kwa upole kama ninataka apeleke taarifa bomani kwamba mtu huyu amekufa au hajafa, maana karatasi yake haina nafasi ya yote mawili. Nikamwambia aache wazi.

Kuomba bila kuuliza niliona ni uvivu. Nikamuaga mama mkwe, ambaye hakunijibu, nikashuka Kilosa na kupata lori la katani lililonifikisha Mikumi. Wakati huo Mikumi ilikuwa vibanda vichache kando ya barabara ya Zambia, nyani wakipita juu ya mabati. Mama mmoja wa Kiislamu kutoka vijiji vya bondeni, Bi Mwajuma, alikuwa na hoteli yenye benchi nne ambako madereva walikula maharage, chapati na supu ya mbuzi. Nilimwamkia, nikamweleza habari yangu yote kabla hajaniuliza. Alinisikiliza huku akikanda unga, akaniuliza kama najua kusukuma chapati. Nikasema najifunza upesi. Akasema, “Mtu anayebishana na kanisa zima atajifunza chapati.” Akanipa kitanda kwenye chumba cha nyuma, katikati ya magunia ya mkaa na madebe ya maji.

Nilikaa pale zaidi ya nusu mwaka. Kila dereva aliyetoka upande wa Zambia nilimwekea sahani, na kabla hajamega tonge la kwanza nilimwuliza kama amekutana na utingo mwenye kovu mkono wa kushoto, anayecheka kwa pua. Mwanzoni walinijibu vizuri. Baadaye wakachoka. Ukuta wa chumba changu ulikuwa wa udongo na fito, na nikiwa nimepumzika alasiri niliwasikia benchi la pili wakitaniana. Mmoja anasema, leo usikae upande ule, mjane wa mgomba atakuhoji. Mwingine anasema, mimi nitamwambia nimemwona, anauza ndizi. Wanacheka mpaka wanakohoa. Bi Mwajuma aliwaacha wacheke, halafu akaongeza maji kwenye supu yao. Aliniambia nisijali, kwamba yeye mwenyewe, kila akiinama kwenye mkeka wake, ananiombea haja yangu. Nilimwuliza anasema nini. Akasema, “Namwambia Mola, huyu mtoto wa milimani haondoki, basi mtazame.” Nilimpenda sana mama yule.

Lazima niseme pia yale ambayo kwenye ushuhuda wa siku hizi huwa hayasemwi. Kuna asubuhi niliamka nikiwa sina neno. Nilipiga magoti kando ya magunia ya mkaa na kinywa kikawa kikavu, na nilichoweza kusema ni jina lake tu, na hata jina lilikuwa kama jina la mtu wa hadithi. Sura yake ilianza kunipotea. Nilikumbuka kovu, nikasahau macho. Hapo mwanzo nilikuwa nikiomba Mungu amrudishe. Sijui ni siku gani neno hilo lilidondoka, lakini ilifika wakati nikaona naomba tu awe hai, mahali popote, kwa namna yoyote. Haikuwa kwamba imani imepungua. Nadhani ndipo nilipoacha kuomba kwa ajili yangu. Mwisho wa kila mwezi nilipanda milimani na chumvi na sukari ya mama mkwe, nikalala siku mbili, na Jumapili nikasimama kanisani kama kawaida. Kulikuwa na akina mama walionisogelea kwenye benchi, na wengine walionipisha kama mgonjwa wa upele.

Alikuwepo dereva mmoja wa Tanga, Sefu, ambaye alinitania kuliko wote. Siku moja, mchana, alikuja akala bila utani. Akaomba chai, akaikoroga hadi ikapoa. Bi Mwajuma akaja akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akamwambia kuwa mwanamume anayenyamaza hotelini kwake ama anaumwa ama ana jambo, na yeye haumwi. Sefu akanitazama mimi.

“Dada, umenichosha,” akasema. “Wallahi umenichosha. Mimi nikishika usukani nakusikia unauliza. Mtu wako yuko hai.”

Ikabainika kuwa madereva walikuwa wakijua siku nyingi. Stefano alikuwa ng'ambo ya Tunduma, upande wa Zambia, anaziba matairi kwenye karakana ya kando ya barabara. Wanaume wa malori wana sheria yao ya kufichiana siri, na Sefu aliona ameivunja, kwa hiyo jasho lilimtoka. Bi Mwajuma alikaa chini kwenye benchi. Mimi nilikwenda nyuma, nikasimama katikati ya madebe ya maji, nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikijua wananisikia. Halafu nikarudi nikamwambia Sefu apeleke salamu, kwamba simwiti arudi, ila apite Mikumi nimwone kwa macho yangu.

Alikuja baada ya majuma matatu, ndani ya lori la Sefu. Hakushuka. Nilikwenda mimi, nikafungua mlango wa gari, nikamwona amenenepa, amevaa shati nisilolijua. Nilishika mkono wake wa kushoto nikagusa lile kovu. Alinieleza yote akiwa anatazama kioo cha mbele. Safari ile ya ajali, wakati wa kurudi, aliteremka Mbeya, kwa sababu alikuwa amechoka na kazi na amempata mwanamke ambaye ndugu zake wana karakana ng'ambo, na kijana mwingine akachukua nafasi yake kwenye lori. Gari lilipoungua, watu wakahesabu utingo mmoja wakamtaja yeye. Habari zilimfikia. Angeweza kutuma neno siku ileile.

“Walinizika?” akauliza.

“Walizika mgomba.”

Akacheka kwa pua, kisha uso ukamsawijika. Alisema mama yake, shamba, mlima ule, kila siku kuitwa, kila siku kutarajiwa, vilikuwa vinamkaba, na hakujua namna ya kutuambia. “Damari, nilipokufa nilipumzika.”

“Mimi sikupumzika,” nikamwambia.

Akaniambia yule mwanamke ni mjamzito, na akaniuliza kama nitamshitaki. Nikamwuliza aliyeungua alikuwa nani. Alijua jina moja tu, Kassimu, na hakujua anatoka wapi. Nilisimama pale na mlango wa gari mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule uanze niliona aibu. Miezi yote ile nilikuwa nimesimama kanisani nikidai mtu wangu hajafa, na mahali fulani kulikuwa na mama anayemsubiri mwanawe, wala hakuna aliyemletea habari hata ya uongo. Nilimwambia Stefano aandike barua kwa mama yake, kwa mkono wake, ili waamini. Bi Mwajuma alileta karatasi. Aliandika mistari minne. Kisha wakaondoka, na mimi nikarudi kusukuma chapati kwa sababu watu walikuwa wanasubiri.

Niliipandisha barua milimani mwenyewe, lakini mama mkwe hakujua kusoma. Mwalimu Elieza ndiye aliyemsomea barua ile, ndani, mlango umefungwa. Aliisikiliza mara mbili. Aliuliza mara ya tatu kama ni mwandiko wake, na Mwalimu, aliyemfundisha Stefano kuandika, akasema ni wake.

“Afadhali angekufa,” mama mkwe akasema.

“Mama,” nikamwambia, “mimi sikuomba heshima yetu. Niliomba uhai wake, nikapewa.”

Alinitazama kama siku ile ya wembe. Mwalimu akataka kusema neno la kupatanisha, nikamwomba anyamaze, Mungu anisamehe. Nikawaambia Jumapili nitatoa shukrani. Mwalimu aliogopa kweli. Alinikumbusha kuwa watu watacheka, kwamba mke aliyeachwa hatoi shukrani, kwamba ni afadhali jambo hili life polepole. Nikamjibu kuwa nimesimama nikichekwa miezi mingi, siwezi kukaa siku ya jibu.

Jumapili ile habari ilikuwa imeshaenea na kanisa lilijaa hata madirishani. Nilipeleka mbele kuku na kibaba cha mchele wa Tindiga alionipa Bi Mwajuma. Sikuhubiri. Nilisema Stefano yu hai, ana mke mwingine, hatarudi, na ninamshukuru Mungu aliyemlinda. Nikasema Mungu hakunidanganya hata siku moja, aliyenidanganya ni mtu. Kijana mmoja dirishani akaguna, mwingine akamnyamazisha. Nikamgeukia Mwalimu nikamwomba afungue daftari lake, kwenye waliofiwa, aandike mama yake Kassimu, popote alipo. Mzee mmoja wa kanisa akasema jina hilo ni la Kiislamu, na daftari ni la kanisa. Nikasema mama huyo amefiwa na mimi sijafiwa, na kama nafasi imejaa basi jina langu litoke liingie lake.

Mwalimu alitoa kalamu mfukoni. Aliandika, pale pale madhabahuni, mbele ya watu wote, akasoma: “Na mama yake Kassimu.” Hakuna aliyeitikia. Nilisikia mchele ukimwagika kidogo kutoka kwenye kibaba, na kuku akijinyoosha. Kisha kutoka upande wa akina mama, benchi la tatu, mama mkwe wangu akasema amina, peke yake, kwa sauti iliyokwaruza. Haikuwa sauti ya mtu aliyenisamehe, wala ya mtu mwenye furaha. Aliisema tena, kwa nguvu zaidi, akigeuka kuwatazama wale wengine mmoja mmoja, hadi nao wakaitikia.